Ni Kuchua Tu

Hasira ya Maimuna haikuanza siku ya mkono wa Arwa. Ilianza zamani, tangu wiki yake ya kwanza katika ile hospitali ya binafsi pale Mchafukoge, Dar es Salaam, meneja alipomtembeza idara kwa idara akimtambulisha: "Huyu ni Maimuna, dada yetu mpya wa masaji." Maimuna akadhani ulimi umeteleza. Akamrekebisha kwa adabu kwamba yeye ni mtoa tiba kwa vitendo. Kazi yake ni kumrudishia mtu aliyeumia uwezo wa kufanya shughuli zake mwenyewe: kuvaa, kula, kupika, kuandika, kurudi kazini. Meneja, bwana mmoja mwingi wa maneno aitwaye Uledi, akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akafungua mlango wa pili. "Jamani, huyu ni Maimuna, dada yetu mpya wa masaji."

Basi jina likamganda. Alishaitwa kumkanda shingo mgeni wa meneja aliyechoshwa na ndege ya Dubai. Alishatumwa kubeba maboksi ya glavu na kushikilia mtoto wa daktari wakati baba yake yuko wodini. Mtu wa mapokezi akiugua, Maimuna anakaa mapokezi; mtu wa faili akienda msibani, Maimuna anapanga faili. Chumba chake cha tiba, kule chini karibu na ngazi, kiligeuzwa nusu stoo. Na wagonjwa waliopaswa kufika kwake, watu wenye mikono iliyopooza na vidole vilivyoshonwa, walipita mlangoni wakaenda zao, kwa kuwa hakuna daktari aliyekumbuka kuwaelekeza.

Mwenzake waliyesoma pamoja Moshi alishaacha fani, anauza vipodozi Kariakoo, Mtaa wa Congo. Wakikutana humcheka: "Shoga, bado upo na mambo yako ya kunyoosha vidole? Njoo tuuze lipstiki, watu huku wanajua hata unauza nini." Maimuna hucheka naye, kisha akifika nyumbani hasemi na mtu. Kinachomuuma ni kwamba kazi yenyewe anaipenda. Angekuwa haipendi, angekaa pale mapokezi akachati na simu yake mpaka jioni, akala mshahara, akalala usingizi. Lakini alishamwona mtu aliyepooza akifunga kifungo cha shati kwa mara ya kwanza, na ukishaona kitu kile huwezi tena kukaa mapokezi kwa amani.

Sasa huyu Arwa. Kama umewahi kualikwa usiku wa hina kwenye familia za Kiarabu za pale mjini, kuna uwezekano mkubwa umeiona kazi yake na hukujua ni yake. Bibi harusi anakaa juu ya godoro, miguu kainyoosha, wanawake wanaimba na kupiga vigelegele, na Arwa yuko chini kwenye mkeka na koni yake ya hina, kimya, anachora maua membamba kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiwiko bila kuinua mkono. Maharusi waliweka miadi naye miezi kabla. Mama zao walipanga tarehe ya harusi baada ya kumuuliza yeye kwanza.

Siku moja Arwa akiwa anaosha vyombo, glasi ikapasukia mkononi. Kipande kikaingia chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia na kukata kano zote mbili, zile kamba zinazokunja kidole. Kidole hicho ndicho kinachobana koni. Dokta Severine, daktari wa upasuaji anayekuja pale kwa zamu, akamshona. Na alishona vizuri. Haki ya mtu apewe.

Ila kano iliyoshonwa ni kitu cha kudekezwa. Ukiiacha imelala tu, inagandamana na nyama na kidole kinakuwa kijiti. Ukiivuta kabla haijashika, inakatika. Katikati hapo ndipo ilipo kazi ya Maimuna: amtengenezee mgonjwa splinti ya plastiki inayozuia kidole kisinyooke, amfundishe kukikunja taratibu kila siku, na amkalie kooni kwa wiki sita asije akajisahau akabeba ndoo. Arwa alipaswa kushushwa kwake kabla hajaruhusiwa. Hakushushwa. Siku aliyotoka, Maimuna alikuwa kakaa mapokezi anapokea simu, na Arwa alipita mbele yake na plasta yake, lile gamba gumu lililofungwa kwa bendeji, na kaka yake Taimur akimbebea mfuko. Maimuna akawauliza kama dokta amewapa maelekezo. "Ametupa, dada, ametupa kila kitu," Taimur akajibu, naye akawatakia afya njema kama anavyowatakia watu wote.

Maelekezo yenyewe yalikuwa haya. Taimur alimuuliza dokta kule wodini, "Na mazoezi je?" Dokta, macho kwenye simu, akasema: "Kidole kitakuwa kigumu kidogo. Ni kuchua tu. Kuna dada hapo chini anafanya, ila hata nyumbani mnaweza."

Hata nyumbani! Ungewaambia neno tamu kuliko hilo? Maana nyumbani walikuwa na Bi Nunu.

Bi Nunu ni mdogo wa bibi yao mzaa mama, anakaa Kigamboni, na kwa kuchua alikuwa na jina kuanzia Kigamboni hadi Kisutu. Wanawake waliojifungua wakiwa ndani ya arobaini, watoto wachanga, walioteguka miguu, waliolala vibaya shingo, wote walipita mikononi mwake. Pantoni ya Magogoni inayovusha watu kwenda Kigamboni ilimjua. Mikono ile ndiyo iliyomkanda Arwa mwenyewe siku alipozaliwa, na sasa hospitali, kwa kinywa cha daktari bingwa, imesema mtoto achuliwe. Kwa nini wampeleke kwa msichana wasiyemjua, amshikeshike, na bibi yupo?

Wakasubiri siku chache. Mkono ulikuwa umevimba na Arwa analalamika ganzi, kwa hiyo Taimur akachukua mkasi akaikata plasta. Bi Nunu akapasha mafuta ya nazi, akasoma dua yake, akaanza. Alichua kwa huruma, kila mtu anashuhudia hivyo. Kisha, kama anavyofanya siku zote mwishoni, akakishika kidole na kukinyoosha. Kikasema tak.

Waliokuwemo wote waliisikia. Na hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu wakafurahi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba za namna ile anajua kwamba ukichuliwa na pakasikika tak, mshipa umerudi mahali pake. "Alhamdulillahi, umerudi!" mama yake Arwa akasema. Bi Nunu akaletewa kahawa na halua. Arwa akaambiwa apumzike, maumivu yatakwisha, na maumivu kweli yakapungua, maana kamba iliyokatika haivutwi na kitu.

Maimuna aliwakuta kwenye korido siku walipokuja kutolewa nyuzi. Yeye alikuwa amebeba maboksi. Akauona mkono mtupu, hauna plasta wala splinti, umening'inia tu kama wa mtu mzima wa afya.

"Mambo, dada?" Taimur akamsalimu.

"Plasta iko wapi?"

"Tuliitoa. Bibi anamchua. Na mshipa umesharudi, wallahi tumeusikia wenyewe!"

Maimuna akayatua maboksi palepale katikati ya korido, nesi mmoja akayakwaa. Akamshika Arwa bega, akamshusha chumbani kwake, akamkalisha. Akaushika mkono, akaurudisha nyuma kwenye kifundo. Ukimfanyia hivyo mtu yeyote, hata aliyelala, vidole hujikunja vyenyewe. Vidole vitatu vya Arwa vikajikunja. Cha shahada kikabaki kimenyooka, kinaitazama dari. Akarudia. Kikabaki vilevile.

"Nini?" Arwa akauliza. Alikuwa msichana wa maneno machache, na macho yake yalishaona kila kitu. "Dada, nini?"

"Kaa hapa," Maimuna akamwambia. "Usikiguse. Usimwache mtu akiguse. Nakuja."

Alipanda ngazi damu inamchemka. Dokta Severine alikuwa anakunywa chai.

"Kano za Arwa zimekatika," akasema.

"Nani kasema?"

"Mwenyewe nimeangalia. Njoo nawe uangalie."

Dokta hakubisha. Alishuka, akaupima mkono, akaona alichokiona mwenzake, kwa kuwa kazi yake anaijua. Akamwambia Arwa tutazungumza. Walipotoka nje akafunga mlango nyuma yake na uso ukabadilika.

"Wamemchua?"

"Wewe ndiye uliyewaambia wamchue."

"Mimi niliwaambia kuna dada hapo chini. Na wewe kazi yako ni ipi? Si kuchua?"

Maimuna akamtazama. Miaka mitatu anapishana na mtu huyu kwenye ngazi. Miaka mitatu anamsalimia, anamwekea vipeperushi mezani, anamwomba dakika chache kwenye kikao cha asubuhi amweleze. "Sichui mtu, dokta," akasema. "Sijawahi kumchua mtu katika hospitali hii, isipokuwa yule mgeni wa meneja."

"Sawa, sawa. Tusigombane." Dokta akashusha sauti. "Ninamfungua tena haraka. Tukichelewa, ile kano inajivuta kiganjani hatutaipata. Lakini familia itauliza, na hawa ni watu wa maneno, mji mzima utajua. Kwa hiyo wewe utasema uliwapa maelekezo, wakakaidi, wakaenda kwa mchuaji wao."

"Hawakuletwa kwangu. Nilikuwa mapokezi."

"Ndiyo maana nakwambia utasema."

Akaondoka. Hakungoja hata jibu, ndivyo walivyozoeana. Na Maimuna akabaki kwenye ngazi ameshika reli, anawaza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza: akisema ukweli, huyu bwana anaweza kununa akamwacha Arwa, na mwingine wa kushona mkono ule kwa muda uliobaki hakumjua. La pili: akisema uongo, mzigo wote utamwangukia kikongwe mmoja wa Kigamboni ambaye hajawahi kumdhuru mtu.

Kikao kikafanyika mchana uleule ofisini kwa Uledi. Bi Nunu alishaitwa, akaja na pantoni na baibui lake, anahema. Maimuna akamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, Mungu akubariki," bila kujua kaitiwa nini. Taimur akasimama ukutani. Arwa akakaa, mkono kaulaza mapajani.

Dokta Severine akaeleza kwa Kiswahili laini. Kano zilishonwa zikashonekana. Kano zimekatika kwa sababu mkono umechezewa nyumbani na watu wasio na ujuzi. Hospitali inasikitika, hospitali itajitahidi, lakini hospitali haihusiki. "Mtaalamu wetu aliwaelekeza vizuri," akamalizia, akimwonyesha Maimuna kwa mkono. Siku ile, kwa mara ya kwanza, aliitwa mtaalamu.

Taimur akamgeukia bibi yake kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Ukimsikiliza ungedhani yeye hakuwahi kushika mkasi wa kukatia plasta. "Umemuua mtoto!" akapiga kelele. "Umemuua! Maharusi wote hawa, kazi yake yote! Sisi tulidhani unajua, kumbe unabahatisha! Mafuta yako ya nazi hayo!"

"Taimur," Arwa akasema.

"Niache! Asiguse tena mtu kwenye nyumba yetu, nimesema!"

Bi Nunu hakulia. Alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza, juu, chini. Kisha akainua uso, akampita dokta, akampita meneja, akamuuliza msichana wa koti jeupe.

"Mwanangu, ni mikono yangu?"

Hapo Maimuna angeweza kumwambia hapana, na kila mtu mwenye moyo angetaka kumwambia hapana. Lakini kazi aliyosomea hairuhusu kumdanganya mtu kuhusu mikono, wala hakutaka mzee yule aende kukinyoosha kidole kingine kama kile.

"Ni mikono yako, bibi," akasema. "Ulipokinyoosha, kano ikakatika. Ile tak haikuwa mshipa kurudi." Akavuta pumzi, na hasira ya miaka mitatu ikaja yote kwa pamoja. "Lakini aliyeituma mikono yako ni huyu hapa. Huyu ndiye aliyewaambia ni kuchua tu, hata nyumbani mnaweza. Mimi sikuwaelekeza kitu. Sikupewa mgonjwa. Nilikuwa nimewekwa mapokezi napokea simu, kazi yangu imelala chini kwenye stoo ya sabuni! Taimur, sema. Aliwaambia hivyo, hakuwaambia?"

"Alisema," Taimur akakiri. "Alisema hata nyumbani."

"Maimuna!" Uledi akasimama. "Unajua unachokifanya? Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Yeye ndiye hajui anaongea na nani, tangu nimefika hapa."

Dokta Severine akakusanya miwani yake na simu yake. Uso ulikuwa umemwiva. "Kama hamna imani na mimi," akaiambia familia, "basi tafuteni daktari mwingine." Akaelekea mlangoni, na Maimuna akaona kwamba hicho ndicho alichokiogopa na ndicho alichokisababisha.

"Dokta, ngoja," Arwa akasema.

Arwa hakuinuka. Alisema akiwa amekaa vilevile, sauti ya chini.

"Ulinishona vizuri. Kushona unajua, wala sina shaka na wewe. Ulipokosea ni mdomo. Nishone tena, na mdomo umwachie huyu dada. Yeye aseme nifanye nini, yeye aseme naondoka lini. Ukikataa, mimi nachora maharusi, dokta. Wanawake wote wa mji huu huwa wanakaa mbele yangu usiku mzima hawana la kufanya ila kusikiliza."

Uledi, aliyekuwa na mabinti wawili wa kuozesha, ndiye wa kwanza kuelewa. "Dokta," akasema, "hebu tukae kidogo."

Dokta akarudi akakaa, na Arwa akashonwa tena. Safari hii Maimuna aliitwa chumba cha upasuaji, akasimama nyuma ya barakoa akaona kwa macho yake kano ilivyoshikwa, ili ajue inaweza kubeba nini. Dokta hakumsemesha ila neno moja moja. Kutoka kwa Uledi Maimuna alipata barua ya kujieleza kwa utovu wa nidhamu, akaikunja, akaiweka mkobani, akaenda kutengeneza splinti. Kisha Maimuna akamweleza Arwa kweli yote: mshono wa pili haufiki wa kwanza, kidole huenda kisikunjike mpaka mwisho, na hina huenda akaichora kwa namna nyingine. Arwa akasikiliza, akauliza, "Tunaanza lini?"

Wakaanza. Bi Nunu akamsindikiza mjukuu wake, na Maimuna akampa kiti karibu na dirisha. Ilimchukua muda kidogo kugundua kilichokuwa kinamsumbua kumtazama bibi yule. Alikuwa ameikalia mikono yake. Ameiingiza chini ya mapaja, juu ya kiti cha plastiki, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Bibi, unaumwa mikono?"

"Siumwi."

"Mbona umeikalia?"

"Nisije nikasahau nikamshika," Bi Nunu akasema. Akaeleza taratibu kwamba wiki ile pale Kigamboni jirani yake kajifungua, na kaitwa mtu mwingine kuja kumkanda mtoto. Hakulalamika, aliona ni haki. Habari huwa zinavuka na pantoni kabla ya watu.

Maimuna akahisi macho yanamchoma. Zilikuwa hasira, hasira tupu, dhidi ya dokta, dhidi ya Uledi, dhidi ya Taimur na mkasi wake, na dhidi yake yeye mwenyewe pia, aliyesoma miaka yote ile kuhusu mikono na hakuna siku aliyomuuliza mgonjwa mmoja, nyumbani kwenu nani anachua. Hakuna aliyemfundisha swali hilo. Lakini alizaliwa Dar, alikandwa kama wengine. Alikuwa na sababu gani ya kungoja afundishwe?

"Njoo, bibi."

"Hapana, mwanangu. Mikono hii ina mkosi."

"Njoo nimesema!"

Lilimtoka kwa ukali hata Arwa akashtuka. Bi Nunu akaja. Maimuna akamkalisha mbele ya mjukuu wake, akaitoa ile mikono, akauchukua wa kulia. Ulikuwa mkubwa, wa moto, laini kwa mafuta ya miaka yote. Akauweka juu ya kidole cha shahada, ndani ya splinti.

"Hapa tu. Kikunje taratibu, ukielekeze kiganjani. Halafu kiachie, kirudi chenyewe mpaka kwenye splinti. Usikivute. Usikinyooshe hata siku moja. Ukisikia kinabisha, unasimama. Arwa akiwa nyumbani, wewe ndiye utakayemfanyia, na akija mtu kukwambia vingine, hata awe daktari, mwambie anipigie mimi."

Mkono wa Bi Nunu ukakumbuka kazi yake. Akakikunja kidole kwa wepesi ambao Maimuna mwenyewe hakuwa nao, akakiachia, akangoja.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, bibi."

Bi Nunu akakitazama kidole. "Hivi naweza," akasema. "Hivi ningeweza tangu siku ile. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Majibu yote aliyokuwa nayo Maimuna yalikuwa matusi, na mzee yule hakustahili hata moja. Akayameza, akasogeza kiti chake karibu.

"Tena, bibi," akasema.